Baba Ufisadi

Nina jina jipya mtaani. Sikuliomba, wala hakuna wazee walioketi kunipa. Asubuhi nikifika steji ya 46 hapa Kawangware, muuza mayai ananiita kwa sauti ya kuamsha wafu: "Baba Ufisadi! Leo moja au mawili?" Watu wanageuka. Juzi mama mmoja aliyebeba mtoto alinitazama kuanzia viatu hadi kipara, akasonya, akavuka barabara. Bila shaka alidhani nimekula pesa za kaunti. Laiti! Aliyekula pesa za kaunti hali yai la kuchemsha lenye kachumbari akiwa wima, tai kaitupa begani isiguswe na pilipili.

Aliyeniletea jina hili ni kitindamimba wangu, na aliyemletea yeye ni mwalimu wa drama.

Mambo yalianza Januari mwaka jana. Mtoto alirudi kutoka shule na karatasi. Nimesomesha watatu na ninaijua lugha ya karatasi hizi: ikikunjwa mara mbili ni mkutano wa wazazi, ikikunjwa mara nne ni pesa. Hii ilikuwa imekunjwa hadi ikatosha ndani ya kichongeo. Nikaifungua taratibu kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Mwanao, ilisema, amechaguliwa.

Mama yake akapiga vigelegele. Mimi nikateremsha macho hadi kwenye tarakimu. Shilingi 2,400, za mavazi, usafiri na chakula, zilipwe kwa awamu mbili, na mzazi atakayechelewa ajue nafasi ya mwanawe itapewa mwingine. Lakini sina moyo wa jiwe. Nikamwambia, haya, tuonyeshe unachoigiza.

Akasimama katikati ya sebule yetu, ambayo usiku huwa chumba chake cha kulala. Akatanua miguu. Akainua mkono wa kulia, akauelekeza kwenye mtungi wa gesi kana kwamba mtungi una kesi ya kujibu. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika.

"UFISADI!"

Kisha akaketi, akaendelea na githeri yake.

Tukangoja. Nikauliza, "Halafu?"

"Halafu wenzangu wanaendelea, baba."

"Na wewe?"

"Mimi ni hiyo tu."

Lilikuwa shairi la kundi, watoto thelathini na kitu, na kila mmoja kapewa kipande chake kama nyama ya harambee. Wa kwetu kaangukiwa na neno moja. Nikapiga hesabu pale pale: silabi nne, shilingi 2,400. Kila silabi mia sita. Sijui mwandishi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kulipwa bei hiyo, na mimi mwenyewe ni mwandishi.

Mtu aliyepewa mistari arobaini huchoka kuikariri. Aliyepewa neno moja hachoki. Kwa miezi miwili nyumba yetu haikujua amani. Mama yake akigawa chapati na ya dada mtu ikaonekana nene kidogo: "UFISADI!" Stima ikipotea katikati ya taarifa ya habari, gizani inatoka sauti: "UFISADI!" Kanisani, mhazini aliposimama kusoma mapato ya ujenzi wa choo, nilimziba mdomo mapema, lakini mzee wa kanisa aliona mkono wangu na tangu siku hiyo haniambii habari za choo.

Kilichoniponza hasa ni matatu. Ilikuwa Machi, tunatoka mjini. Mnaijua mvua ya Nairobi: tone moja likidondoka Uhuru Highway, nauli inapanda kabla ya la pili kufika chini. Tulipanda kwa hamsini. Tulipofika Valley Road, konda akatangaza mia, na asiyetaka ashuke aogelee. Watu wazima tukanyamaza, kila mmoja akaanza kusoma simu yake. Ndipo mtoto wangu akasimama juu ya kiti, akatanua miguu, akainua mkono.

Sikuwahi kuona neno moja likifanya kazi namna ile. Gari zima liliangua kicheko. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Si mtoto amesema ukweli?" Mama wa mboga akaunga mkono. Mabishano yakaanza hapo na kutufikisha Hurlingham, na konda akateremka hadi sabini. Nilipokuwa nashuka akanishika bega. "Baba Ufisadi," akaniambia, "huyo kijana wako ukimleta tena kwa gari yangu, atalipa kama mtu mzima." Basi jina likapanda steji, na likifika steji limefika kila mahali.

Sasa ile 2,400 ilikuwa mlango tu. Mwalimu aliamua kwamba mwenye kutamka ufisadi sharti aonekane ameufanya. Avae suti. Suti ya mtoto wa miaka tisa! Nililizunguka soko la Toi Jumamosi nzima nikipekua marundo ya mitumba, nikapata koti la harusi ya mtu fulani mdogo huko Ulaya, lenye waridi la plastiki kifuani. Halafu awe na kitambi. Kitambi kilikuwa mto wangu wa kulalia. Kwa wiki sita nililaza kichwa changu juu ya mkono kama abiria wa treni ya usiku, na mto wangu unafanya mazoezi. Haya yote juu ya mzigo tuliokuwa nao tayari. Mfumo huu wa elimu ya umilisi ulipoingia, nilidhani umilisi unaotakiwa ni wa mtoto. Kumbe. Mimi leo ninajua kusuka mkeka wa karatasi, kuumba chungu na kutengeneza kitisha-ndege cha kuwafukuza ndege kwenye shamba ambalo sina.

Nikilalamika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, najibiwa kwa neno moja pia: Lupita. Hakuna mzazi wa Nairobi anayetoa pesa ya drama bila kutajiwa Lupita Nyong'o. Na ni kweli, msichana alicheza Juliet wa Shakespeare akiwa na miaka 14, na Phoenix Players, hapo Professional Centre, Parliament Road, na 2014 akabeba Oscar. Ninachowauliza wenzangu, na hakuna anayenijibu ila kunitumia kidole gumba, ni hiki: hao Phoenix wako wapi? Walifunga 2017, kodi ikiwa imewashinda. Tunawachangia watoto nauli ya kwenda kwa Lupita, na steji aliyopandia ilishaondolewa.

Siku ya mashindano ya kaunti ndogo niliomba ruhusa kazini nikasema nina msiba. Sikudanganya sana. Tulifika saa moja asubuhi, watoto wetu wakapanda jukwaani saa tisa alasiri. Katikati hapo nilitazama shule ishirini hivi, na kama ningekuwa mgeni katika nchi hii ningedhani watoto wa Kenya ni wabunge wafupi. Wa miaka saba walituonya kuhusu deni la taifa. Wa chekechea, meno ya mbele hayapo, walituhutubia juu ya mabadiliko ya tabianchi. Kikundi kimoja kiliimba ukeketaji, dawa za kulevya, ukabila na usalama barabarani ndani ya dakika chache, na mwishoni wakapiga magoti wakatuomba tuipende nchi. Mimi nikaahidi kwa moyo nitaipenda, nikikubaliwa kwenda chooni.

Namna watu walivyoketi ndiyo iliyonikera. Mbele kabisa, meza yenye kitambaa na chupa za maji: waamuzi watatu na kalamu zao. Nyuma yao walimu. Nyuma ya walimu wazazi kama mimi. Watoto waliokwisha kuigiza walikuwa nje, juani, wanakula mkate na soda, wamekatazwa kuingia kwa kuwa wanapiga kelele. Yaani maigizo ya watoto, na ukumbini hakuna mtoto hata mmoja anayetazama! Na wale walio jukwaani hawatazamani wao kwa wao. Macho yote kwenye kalamu. Kalamu ikisogea, mtoto anaongeza sauti. Mwamuzi akikohoa, shairi linayumba.

Wa kwetu aliinua mkono, akalipua neno lake, hata popo wa kwenye dari wakahama. Tukawa wa tatu, na waliotakiwa kusonga mbele ni wawili. Katika maelezo, mwamuzi mmoja akasema kwa upole kwamba neno "ufisadi" lilitamkwa kwa nguvu iliyozidi muktadha, na kwamba sauti ilitoka kooni badala ya tumboni. Nilitaka kusimama nimuulize sauti ingetokaje tumboni na tumbo lenyewe ni mto wangu. Mama watoto akanivuta shati.

Sisemi mashindano haya hayana maana. Yana umri mkubwa kuliko mimi: yalianza 1959, mkoloni bado yupo na Kiingereza ndicho kilichokuwa bwana wa jukwaa, na baadaye, Wasambo Were akiwa mkaguzi wa drama wa kwanza Mwafrika, yakabadilika sura na kuanza kuzunguka mikoani. Humo wametoka waigizaji, watangazaji na wanasiasa wasiohesabika. Nasema tu kwamba tumefika mahali ambapo ngazi zote, kuanzia zoni hadi taifa, zinapanda kuelekea kwa mtu mzima aliyeketi. Na ngazi ya juu kabisa, washindi huitwa kumwigizia Rais.

Na ukimweka mtu mzima awe mtazamaji peke yake, usishangae akikasirika. Aprili ya mwaka huo huo wa mashindano yetu, kwenye mashindano ya kitaifa kule Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikwenda na mchezo wa Cleophas Malala, Echoes of War. Wakafika wakaambiwa mwandishi wao hataruhusiwa kuwa nao, wakaingia katika ukumbi usio na watu, wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Nje polisi walikuwa wanarusha gesi ya machozi. Mwaka 2013 shule hiyo hiyo ilikuwa na mchezo mwingine wa Malala, Shackles of Doom, ukapigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ikasema uachwe uchezwe. Tulikuwa tunatazama habari hizo tukila. Kitindamimba akaacha kijiko, akatafakari, akaniuliza, "Baba, hao walikuwa na maneno mangapi?" Nikamwambia mengi. Akasema, "Mwalimu wetu aliogopa, ndiyo maana mimi nikapewa moja."

Mwezi wa Julai ikawa zamu ya binti wa kaka yangu, aliyekuwa Kidato cha Nne na anayekaa kwetu. Karatasi yake haikukunjwa. Hawa wakubwa hutuma ujumbe na namba ya kulipia kabisa. Walikuwa wanapelekwa Kenya National Theatre kutazama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia yao ya mtihani. Nikajitolea kumsindikiza kwa sababu nilikuwa na neno la kumwambia kuhusu jengo lile. Lilifunguliwa 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, ili walowezi wapate mahali pa kuchezea michezo yao, mkabala na hoteli yao ya Norfolk. Barabara yenyewe leo ina jina la Harry Thuku, na ni papo hapo karibu, 1922, watu waliokuja kudai aachiliwe walipigwa risasi. Tulipofika mlangoni nikamwonyesha: hapa, mwanangu, 1976, ndipo mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi ulipopandishwa jukwaani.

Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Baba mdogo, hiyo itatoka kwa mtihani?"

Ndani, mamia ya wanafunzi wa sare za kila rangi, kila mmoja na daftari. Jukwaa ni zuri siku hizi, tangu lilipofunguliwa upya 2015 baada ya ukarabati. Lakini sijawahi kuona tamthilia ikitazamwa na vichwa vilivyoinama. Mwigizaji akisema jambo zito, walimu wananong'ona safu kwa safu, "Andika hapo! Hiyo ni taharuki!" Mara moja tu, mlevi alipoingia akiyumba, vichwa vikainuka vyote. Ukumbi ukacheka kicheko kimoja kikubwa cha watu waliosahau kwamba wana mtihani. Msichana aliyekuwa kando yangu alicheka hadi kalamu ikamponyoka, ikabiringika chini ya viti, na kwa dakika tano nzima hakuitafuta. Halafu mchezo ukaisha, na mkuu wa kundi akapanda akaanza kutaja maudhui na mbinu za lugha, moja baada ya nyingine, kama karani wa ghala anayehesabu magunia. Msichana akapiga magoti kutafuta kalamu.

Njiani nilimkumbuka marehemu baba. Alizoea kutusimulia jinsi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walivyokuja sokoni kwetu na ile Free Travelling Theatre yao iliyoanza 1974, wakacheza kwa Kiswahili mchana kweupe, bure, mbuzi wanapita katikati. Alichokumbuka hakikuwa maudhui. Alikumbuka kwamba aliyecheza chifu alikuwa mwembamba kuliko fimbo yake, na miaka thelathini baadaye bado jambo hilo lilikuwa likimchekesha kiasi cha kushindwa kumaliza hadithi. Sikuwahi kujua mchezo ule uliishaje.

Desemba ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Dada yangu anafanya kazi katika nyumba moja Lavington. Lavington na Kawangware tunagawana ukuta na mbwa, mengine hatugawani. Bosi wake alikuwa na tiketi nne za mchezo wa watoto wa Krismasi, familia ikasafiri kwenda Diani ghafla, tiketi zikaanguka kwetu. Niliiona bei iliyoandikwa nyuma yake, nikaishika ile karatasi kwa mikono miwili hadi tukafika. Ni mwendo wa mguu, kama dakika ishirini. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto waliopakwa mafuta ya jua.

Mchezo wenyewe ni mapokeo ya Waingereza, wanauita panto. Hadithi ya kale ya watoto, mwanamume mwenye ndevu kavaa gauni anajifanya mama, mwovu wa kofia nyeusi, na nyimbo za kipuuzi. Nilikunja mikono nikajiandaa kuudharau. Basi mwovu akawa ananyata nyuma ya shujaa, na shujaa akatugeukia akatuuliza kama tumemwona mtu. Ukumbi mzima ukapiga yowe. Watoto wamepanda juu ya viti! Yuko nyuma yako! Hakuna mwalimu aliyewaambia wanyamaze. Kupiga kelele ndiyo kazi yao humo, wamelipia.

Nilimwona wangu akitazama huku na huku, haamini. Kisha yule mwovu akaja mbele, akatoa mfuko wa dhahabu aliouiba, akatuuliza kwa dharau ni nani atakayemzuia. Kukawa na kimya kidogo. Mimi nikajua. Nilijua kabla hajasimama. Akatanua miguu, akainua mkono wa kulia.

"UFISADI!"

Baadhi ya wazungu waliruka. Wanaojua Kiswahili waliangua kicheko. Na yule mwovu, kijana Mkenya, aliganda, akageuka polepole, akamtafuta kwa macho hadi akampata. Akamwambia kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Na wewe umetumwa na EACC?" Ukumbi ukapasuka: nani asiyeijua tume ya kupambana na ufisadi? Kila alipotokea tena baada ya hapo, alikuwa akimchungulia kwanza mwanangu, anaficha mfuko nyuma ya mgongo, na mwanangu anainua kidole tu, bila kusema, na yule bwana anakimbia.

Mwaka mzima mtoto amelirusha neno lile kwa mtungi wa gesi, kwa konda, kwa waamuzi watatu. Jukwaani, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu.

Tulirudi nyumbani gizani na hakusema lolote, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Kesho yake akakusanya watoto wote wa ploti. Likizo ya Desemba ni ndefu, na keateka wetu alikuwa amewakataza mpira. Kwa siku nne nilipishana nao wananong'ona nyuma ya tangi la maji, na nikipita wananyamaza. Koti langu likapotea. Mto wangu pia ukapotea tena, na safari hii nilijua wa kumuuliza, lakini nilikuwa na yangu: pesa za Desemba zilikuwa zimeliwa na sare na vitabu, na salio la drama mwalimu alikuwa bado ananidai tangu Machi. Kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa. Mimi na keateka tulikuwa katika kipindi kile cha kutoonana kwa makusudi.

Jumamosi saa kumi wakatandika leso mbili kwenye kamba ya nguo. Kwenye boksi la maziwa waliandika kwa makaa: KUINGIA NI BURE. Nikasema alhamdulillahi, hatimaye. Watu wakatoka na vigoda, na ndoo walizozipindua. Keateka alikuja pia, akaketi mbele juu ya mtungi wa lita ishirini, na kwa kuwa penye watu hakuna deni, nikaketi nyuma yake kidogo, upande wa mlango.

Leso zikafunguliwa. Akatoka mtu mwenye kitambi, kavaa koti langu, mikono imefika magotini, tai kaitupa begani. Anakula yai la kubuni. Akasafisha koo kwa namna ambayo sikujua kwamba nasafisha koo, akasema: "Watoto wa siku hizi! Silabi moja mia sita!"

Ploti nzima ikageuka kunitazama. Mama watoto alikuwa anacheka tangu kabla. Nilitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kisha mlango ukabishwa. Akaingia binti wa jirani wa chumba cha saba, miaka minane, funguo zimening'inia kiunoni kama kengele za ng'ombe, anatembea akiwa ametanguliza tumbo. Watu walimtambua kabla hajafungua mdomo. Keateka mwenyewe alijipiga paja. Mtu wa kitambi akaruka, akajipenyeza chini ya benchi, akamwambia mtoto wake kwa mnong'ono uliofika hadi barabarani: "Mwambie baba ameenda ushago!"

"Baba anasema ameenda ushago," akasema mtoto.

Keateka wetu alicheka hadi akashika mtungi usimwangushe. Chini ya benchi simu ikalia. Mwanangu aliiimba mwenyewe, mlio wangu, noti kwa noti. Akaipokea: "Ndiyo, mwalimu. Niko Nakuru, mtandao mbaya. Hizo za drama nitatuma mwisho wa mwezi." Binti wa funguo akajikuna kichwa, akaja mbele, akatuuliza sisi watazamaji: je, mmemwona Baba Ufisadi?

Na watoto wote wa ploti, wale wadogo waliokaa chini kwenye sementi, wakainuka kwa pamoja wakapiga yowe, wakionyesha kwa vidole:

"YUKO CHINI YA KITANDA!"

Nilikuwa naangalia kisogo cha keateka. Kwanza kilikuwa kinatikisika. Kisha kikatulia. Kisha kikageuka.

Sikungoja mchezo uishe. Nilifika mlangoni nikakuta mvulana wa chumba cha tatu kaushika kwa mikono miwili, na nyuma ya lile boksi la maziwa, upande ambao mtu huuona akitoka tu, wameandika: KUTOKA 20 BOB.

"Huu ni ufisadi!" nikasema.

Kutoka jukwaani, koti langu likanijibu: "Baba, sauti haijatoka tumboni."

Nilipapasa mifuko. Ya shati haikuwa na kitu, ya suruali ilikuwa na risiti. Pesa zote zilikuwa kwenye koti. Nikasikia funguo zikija nyuma yangu, na safari hii zilikuwa funguo za kweli. Keateka akatoa noti ya hamsini, akampa mvulana, akamwambia akate za watu wawili na arudishe kumi. Akanifungulia mlango kwa heshima, kama mgeni rasmi.

"Nitaiongeza kwa ile ya kodi," akasema.